Uwanja wa Nyumba: Maji Yake na Ujira wa Fundi Wake



Usiku wa Ijumaa iliyopita, watu walipokwisha kutawanyika darasani, alibaki ndugu yetu mmoja akanijia na suali. Nilimjibu kwa maneno machache, nikamwambia kuwa jawabu kamili nitaliandika katika karatasi yetu hii, kwani suali lile si lake peke yake; wengi wanalo, ila hawajauliza.

Ndugu huyu Mwenyezi Mungu amemjaalia kujenga nyumba ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa kaskazini. Nyumba imekwisha, na mbele yake pana uwanja mtupu. Akaja mtu mwenye kazi ya kupamba viwanja, akamchorea mpango: nyasi laini za kupandwa tangu langoni mpaka barazani, maua ya kigeni kandokando, na mipira ya maji ya kufunguliwa asubuhi na jioni. Mzee mmoja jirani yake alipouona mchoro ule alimwambia, "Mwanangu, hii ni israfu." Yeye hakuridhika. Akaniambia: "Shehe, maji nitayanunua kwa pesa yangu ya halali, wala simwibii mtu. Tena nitamwajiri mtu wa kumwagilia na kukata nyasi, naye apate riziki ya watoto wake. Israfu iko wapi hapo?"

Suali hili lina haki ya kujibiwa, wala halijibiwi kwa kukemea. Ndani yake mna hoja mbili, nazo yafaa tuzitenge. Ya kwanza: je, mtu akiisha kulipa thamani ya kitu, amekwisha kupata ruhusa ya kukitumia apendavyo? Ya pili: je, kazi inayozaliwa na ubadhirifu huwa ni wema kwa yule anayeajiriwa kuifanya?

Tuanze na maji yenyewe, tujue yatoka wapi. Kisiwa chetu hakina mto wa maji matamu. Maji ya mfereji tunayokunywa hutoka mbali: mengine hutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, ambako mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu hupenya miambani ikatokeza chini, kisha ikaletwa kwa bomba lililojengwa katika miaka ya 1950, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Mengine hutoka Marere katika vilima vya Shimba, mengine visima vya Tiwi, na mengine Baricho kando ya mto Sabaki. Juu ya hayo yote maji hayatutoshi. Kila mmoja wetu aujua mtaa ambao mfereji hutoa maji siku mbili ukakauka siku tano, na akina mama wakawa hawana ila kumngoja mwenye mkokoteni wa mitungi.

Sasa na tufanye hesabu. Nyasi za kupandwa, katika jua la kaskazi, mwezi wa Januari na Februari, zataka kadiri ya lita 5 za maji kwa kila mita moja ya mraba kwa siku ili zibaki kijani. Uwanja wa mita za mraba 100 si mkubwa. Huo wataka lita 500 kila siku, nazo ni mitungi 25 ya lita 20. Tukimhesabia mtu mmoja mtungi mmoja kwa siku, kwa kunywa na kupika na udhu na kuoga kwa kubana, basi nyasi zile zimekunywa maji ya watu 25. Wala nyasi hizo haziliwi na mbuzi, hazitoi tunda, hazina kivuli. Kazi yake ni kutazamwa na apitaye njiani.

Hapa ndipo ilipo jawabu ya hoja ya kwanza. Ni kweli kwamba aliyenunua amemiliki. Walakini kumiliki ni jambo moja, na kutumia ni jambo la pili lenye mipaka yake. Mtu humiliki nyumba yake, wala hana ruhusa ya kuwasha moto ndani yake utakaomchoma jirani. Humiliki chakula chake, na akikitupa jaani ataulizwa, japokuwa alikilipia. Bei tunayolipa kwa maji ni gharama ya bomba na mitambo na watu wanaoyaleta. Mvua ya Chyulu haikuuzwa na mtu yeyote, wala kiu ya mtoto wa mtaa wa pili haikuingizwa katika hesabu ya risiti. Anayesema "nimelipa" amesema kweli kwa yule aliyemuuzia. Bado hajasema neno kwa yule aliyekosa.

Nasi Waislamu tuna mafundisho yaliyo wazi katika mas'ala haya. Imethibiti katika hadithi sahihi kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, nacho hakifiki lita moja, na akikoga kwa pishi moja. Hiyo ni ibada, nayo ilifanywa kwa kipimo. Ikiwa maji ya kumsimamia Mola hupimwa, seuze maji ya kusimamisha nyasi?

Huenda mtu akasema: "Basi nitachimba kisima changu mwenyewe, nisimpunguzie mtu ya mfereji." Jawabu yetu ni kwamba kisima ni chako kwa mdomo wake, si kwa tumbo lake. Ardhi yetu ya pwani ni matumbawe na mchanga, na chini yake maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari mfano wa mafuta juu ya maji. Ukivuta kwa kiasi, mvua hurudisha. Ukivuta kwa mashine usiku na mchana, chumvi hupanda kutoka chini, ikakiingia kisima chako na cha jirani yako pamoja. Watu wa Lamu walijua hayo tangu zamani. Maji yao yategemea mvua inayohifadhiwa ndani ya vilima vya mchanga vya Shela, na ndiyo maana vilima vile hulindwa visijengwe ovyo. Anayeharibu maji ya chini kwa ajili ya pambo amemdhuru jirani, na kumdhuru jirani hakuhalaliki kwa kuwa mashine imefungwa ndani ya ukuta wako.

Kisha yatupasa tujiulize: nyasi hizi tumezipata wapi? Si mila ya wazee wetu. Ni pambo la Uingereza, nchi ya baridi ambayo mvua hunyesha kidogo kidogo mwaka mzima, na nyasi huota hapo bila ya kuombwa. Huko si kosa. Kosa ni kulichukua pambo la nchi ya manyunyu tukalilazimisha katika nchi ya masika na kaskazi. Tena ajabu ni kwamba tunapoliiga, wenzetu walioliiga kabla yetu wameanza kuling'oa. Katika jimbo la Nevada huko Marekani, ambako mji wa Las Vegas umejengwa jangwani, ilipitishwa sheria mwaka 2021 ya kukataza maji ya mto Colorado yasimwagiliwe nyasi za mapambo zisizotumiwa na watu, kuanzia mwaka 2027, isipokuwa katika nyumba za watu binafsi. Na hao wenye nyumba nao hulipwa wakizing'oa kwa hiari yao. Basi je, tuwe sisi wa mwisho kuingia katika jambo ambalo wenyewe watoka?

Wala mtu asifahamu kwamba twasema bustani ni haramu, au kwamba uzuri ni dhambi. Hasha! Anayepanda mti, akala kwao mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Hayo twayajua sote. Waislamu wa Andalusia walitia bustani katika majumba ya Granada, na maji yakapita katika mifereji myembamba, yakaburudisha macho na kunywesha miti kwa pamoja. Jamaa zetu wa Oman wanayo mifereji yao ya falaji, ambayo mitano katika hiyo iliandikwa na UNESCO mwaka 2006 kuwa urithi wa ulimwengu. Humo maji hugawanywa kwa saa: kwanza hupita penye kunywa, kisha msikitini na penye kuoga, kisha mitendeni, na yakibaki ndipo huenda katika mashamba ya msimu. Tazameni utaratibu huo! Bustani imo, walakini imewekwa mahali pake katika safu, haikutangulia kabla ya kinywa cha mtu.

Na sisi pia tulikuwa na yetu. Nyumba za wazee wetu zilikuwa na ua wa ndani, na humo mkomamanga, asmini, mrehani na mhina. Hazikumwagiliwa kwa mipira. Zilipewa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Katika madhehebu yetu ya Shafii maji machache yaliyokwisha kutumika kwa udhu hayafai kutawadhia mara ya pili. Walakini mkomamanga hautawadhi, na maji hayo kwake ni mema kabisa.

Sasa tuje kwenye hoja ya pili, nayo ndiyo iliyo nzito zaidi kwangu, kwa sababu ina kisa changu ndani yake.

Ndugu yetu asema: nikipanda uwanja usiotaka maji wala kukatwa kila juma, nimemkatia mtu riziki. Maneno haya yana huruma, na huruma ni jambo tukufu. Lakini na tuyapime. Lau tajiri angemwajiri mtu achimbe shimo asubuhi na alifukie jioni, kila siku, mtu yule angekula. Je, tungesema kwamba tajiri yule amefanya wema mkubwa? Tungesema: pesa ni zile zile, kwa nini usimwajiri kwa jambo litakalobaki? Anayetaka kumsaidia mwenye haja hakosi kazi yenye manufaa ya kumpa. Naye akiishika ile ya upuuzi na kusema "ni kwa ajili ya maskini", yafaa aiangalie nafsi yake asije akawa amemfanya maskini kuwa ni kisingizio cha fahari yake.

Tena kosa letu liko mbele zaidi ya hapo. Sisi humwajiri mtunza bustani mikono yake tu, tukaiacha akili yake mlangoni. Nami ni wa kwanza katika kosa hili.

Miaka michache nyuma nilitaka kutengeneza uwanja wangu mdogo. Nikamwendea mzee mmoja mwenye kitalu cha miche kando ya barabara, mtu wa huku huku kwetu, aliyezaliwa na kuzeeka juu ya ardhi hii. Tukapatana shilingi 6,000 kwa kazi yote. Nilimwambia nataka nyasi. Akautazama uwanja, akachota mchanga akaufikicha, akaniambia, "Shehe, hapa chini ni mwamba. Nyasi zitataka maji kila siku, na mfereji wako hautoki kila siku. Nipe ruhusa nikutilie miti ya hapa." Nikamjibu kwa ubora wa mwenye pesa: "Mzee, fanya nilivyokuagiza." Akafanya, tena kwa uzuri. Nikampa 4,000, nikamwambia zilizobaki atazipata nyasi zikishika.

Ikaja kaskazi, mfereji ukakatika, nyasi zikafa. Mzee akaja kutaka haki yake, nami nikamwambia kuwa kazi imeharibika. Hakubishana. Alisema tu, "Haya, Shehe," akaenda zake. Na jioni ile ile nilikuwa na darsa ya mlango wa ijara, nikawasomesha vijana kwamba katika watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa khasimu yao siku ya Kiyama, mmoja ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Nikasoma maneno yale kwa ulimi wangu, yakanirudi mimi mwenyewe. Je, mzee hakuifanya kazi niliyomwagiza? Aliifanya. Je, hakunionya? Alinionya. Lililokufa halikuwa kazi yake, bali ni amri yangu. Nami nilimlipisha yeye gharama ya ujinga wangu.

Asubuhi nilikwenda kitaluni kwake nikampa 2,000 zake na nikamtaka radhi mbele ya mwanawe. Kisha nikamwomba aje aufanye uwanja kama aonavyo yeye, kwa ujira mpya. Akapanda mkunazi, ambao majani yake twayahitaji katika kuosha maiti wetu. Akapanda mhina na mkomamanga. Asmini akaiweka pale yanapotokea maji ya chooni kwa kuogea. Palipobaki akamwaga kokoto za matumbawe, na mashina akayafunika kwa makumbi ya nazi ili unyevu usitoke. Mwaka wa kwanza tuliimwagilia kwa mtungi. Sasa yajitegemea yenyewe, ila asmini. Naye huja mara moja kila baada ya miezi mitatu, akapogoa na kutazama wadudu, nami humlipa kwa siku ile zaidi ya nilivyokuwa nikimlipa mtu wa kumwagilia, kwa sababu sasa nailipa elimu yake. Siku nyingine huwa kwa watu wengine, na hao nao wamempata kwa kuuona uwanja wangu.

Jambo alilolijua mzee yule si dogo. Mwaka 1971, hapa Bamburi, René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, mahali ambapo palikuwa mwamba mtupu wenye chumvi. Alijaribu aina 26. Baada ya miezi sita zilizokuwa hai ni 3 tu, na katika hizo uko mvinje. Mivinje ikaangusha majani yake, majongoo wakayala na kuyasaga, ukapatikana udongo, na juu ya udongo huo ukasimama msitu ambao leo watu huenda kuutembelea. Hakuulazimisha mwamba uwe shamba. Aliuuliza mwamba wakubali nini. Basi mwenye kuijua ardhi yake ana elimu, hata kama hajui kusoma, na kumdharau mwenye elimu katika elimu yake ni kiburi, awe aliyedharau ni tajiri au ni shehe.

Kwa hivyo, ewe ndugu uliyeuliza, na kila mwenye uwanja, haya ndiyo tunayokunasihi.

Kwanza, kabla ya kupanda, mtafute fundi wa mahali hapo hapo, umwulize ardhi yako ni ya namna gani na maji ya mvua hupita wapi. Umlipe kwa shauri hilo hata kama hajashika jembe, kwani shauri ni kazi.

Pili, mpatane kwa maneno yaliyo wazi: kazi gani, siku ngapi, ujira kiasi gani, miche ni juu ya nani, na ikifa ni juu ya nani. Ujira usiojulikana ni mlango wa dhulma. Naye akiimaliza kazi umpe haki yake siku ile ile.

Tatu, chagua miti inayoizoea nchi: mkunazi, mkwaju ikiwa uwanja ni mkubwa, mnazi, mhina, mkomamanga, shubiri. Mche upandwe masika yanapoanza, ili mizizi ishuke kabla ya kaskazi. Ukipenda nyasi kwa ajili ya watoto kuchezea, zitie kidogo pale penye kivuli, zisiwe zulia la kuwaonyesha wapitao.

Nne, ikusanye mvua. Mombasa hupata kwa mwaka kadiri ya milimita 1,000 za mvua, na kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 hupokea lita 100,000 kwa mwaka, nasi twaziacha zikaingia barabarani, kisha twamngoja mwenye mkokoteni.

Tano, maji ya kuogea na ya udhu yaelekezwe mitini. Na misikiti yetu ndiyo yenye kustahiki kuanza, kwani hapana mahali pengine ambapo maji safi hutiririka mara tano kwa siku yakaishia shimoni.

Ama yule mwenye mkokoteni na yule wa kumwagilia, nao wasisahauliwe. Pesa utakazoziokoa katika maji, toa fungu lake umwajiri mmoja wao akuchimbie birika, akujengee mfereji wa paa, akupandie miti. Hapo riziki yake haikukatika, na kazi yake imebaki.

Nimeambiwa kwamba uwanja wa ndugu yetu bado ni mtupu, na mchoro wa nyasi ungali mezani kwake. Masika hayajaingia, wakati upo. Nasi hatumhukumu, kwa kuwa nasi tulipita njia hiyo kabla yake. Twamkumbusha tu kwamba siku ya kuulizwa juu ya neema, risiti ya maji haitakuwa hoja, na jirani aliyekosa atakuwapo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe taufiki ya kutumia vyake kwa kipimo, na atusamehe yaliyotutangulia. Wallahu aalam.